Piga Windows Kwanza, Mengine Baadaye

Mdogo wangu unayetaka kufungua ofisi ya ufundi kompyuta hapa Mtowisa, hongera. Mtaji wake ni mdogo: meza, bisibisi ya nyota, flashi yenye Windows ambayo hakuna aliyeilipia, na uso wa mtu aliyekwisha kuona mengi. Bisibisi unaweza kuazima kwa fundi redio. Uso hauazimwi, kwa hiyo anza mazoezi leo. Kunja kipaji, funua mashine, iangalie kwa muda, kisha sema "Mh!" na usiongeze neno. Mteja mwenyewe atajaza pengo kwa hofu, na hofu ya mteja ndiyo inayopanga bei.

Watakuja watu wakushauri uende kwanza VETA, au ukakae miezi kadhaa chini ya fundi mzoefu kule Sumbawanga mjini. Waitikie kwa heshima, kisha usiende. Huko wanafundisha tabia mbaya ya kutafuta ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Mwenye tabia hiyo hugundua kwamba kesi nyingi mno ni waya uliolegea. Sasa mteja akiona waya umesukumwa ndani na mashine ikawaka, atalipa shilingi ngapi? Atasema ahsante. Ahsante hainunui unga.

Kanuni mama ni moja: piga Windows. Printa haitoi karatasi? Piga Windows. Kibodi imemwagikiwa chai ya rangi? Piga Windows. Skrini nyeusi, feni inazunguka, mashine inapiga mlio kila ikiwashwa? Hapo pana mtego kidogo, maana mlio ule watengenezaji waliuweka makusudi, ili mashine isiyoweza kuonyesha picha iseme kwa sauti kilichoisibu, na mara nyingi inailalamikia RAM. Fundi wa shule angeizima, akachomoa waya wa umeme, akakitoa kile kibao chembamba, akasugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akakirudisha mpaka vishikio vya pembeni vikalia "ta", akawasha. Dakika tano, imepona. Wewe huwezi kula kwa kazi ya dakika tano. Mwambie mteja aiache mpaka kesho. Usiku, mlango ukiwa umefungwa, sugua kwa kifutio. Asubuhi toza ya Windows.

Uzuri wa kupiga Windows ni kwamba kunaonekana. Asilimia zinapanda kwenye skrini, mashine inajizima na kujiwasha, mteja amekaa kwenye benchi anatazama kazi ikifanyika. Ubaya wake ni mmoja tu, na huja siku ya pili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Mashine yangu vipi?"

"Imepona kabisa, mwalimu. Nimekupigia Windows mpya, inakimbia."

"Ahsante sana, baba. Na yale matokeo ya kidato cha nne niliyoyaweka pale mbele?"

"Mbele wapi, mwalimu?"

"Pale mbele. Ukiwasha tu unayaona."

"Pale mbele" ni ndani ya diski C, na diski C ndiyo uliyoifomati jana huku ukipiga mluzi. Usibabaike. Jibu lipo tayari, na vizazi vya mafundi vimelitumia: "Mwalimu, virusi vilikuwa vimeshayala." Usimwambie kwamba mashine isiyowaka haimaanishi diski imekufa. Usimwambie kwamba diski hutolewa kwa skrubu chache, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, na kila kitu kikanakiliwa kabla hujagusa chochote. Wala usimwambie kwamba diski ya kizamani inayozunguka ikifomatiwa kwa haraka, kinachofutwa ni orodha ya mafaili, na mafaili yenyewe hubaki mpaka yaandikiwe juu. Angeizima palepale na kuipeleka kwa mwenye programu ya kufufua, angeweza kuyapata mengi. Diski za SSD hazina huruma hiyo, kwani hujisafisha zenyewe. Mwalimu akiyajua haya yote, kesho atakuuliza maswali, na fundi anayeulizwa maswali hakui.

Tukitoka hapo, umeme. Sisi wa Rukwa tuna urithi ambao mikoa mingi haina. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuwa kwenye gridi ya taifa. TANESCO iliununua umeme wa Sumbawanga kutoka Zambia, ukaingia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli. Fundi wa Rukwa amelelewa basi na kisingizio cha kimataifa: "Tatizo liko Zambia." Kitumie bila aibu, hata pale unapoona kwa macho yako kwamba ekstensheni moja imebeba kompyuta, printa, friji ya soda na pasi ya fundi cherehani wa chumba cha pili.

Ndani ya kasha la kompyuta mna boksi la bati lenye feni, pawa saplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, volti 230 zinazokwenda na kurudi, na kuugeuza uwe ule mtulivu wa volti 12, 5 na 3.3 ambao mazabodi na diski vinaweza kuula. Umeme ukizidi au ukishuka, boksi hili ndilo linalopigwa kwanza. Nyuma ya baadhi ya mashine za zamani, hasa zilizoanza maisha yake Marekani, kuna kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Wengi hawakioni. Mashine ikija imekaa kwenye 115, wewe ichomeke tu. Utasikia mlio mmoja mkavu, utaona moshi, utanusa harufu ambayo haitoki chumbani wiki nzima. Geukia mteja na useme, "Bahati yako umeileta mapema."

Na yule mwenye UPS mwambie hongera kwa UPS. Usiipime. Betri yake ya risasi na tindikali haiishi milele, na katika joto letu inachoka mapema kuliko kilichoandikwa kwenye boksi. Ikishakufa, UPS inabaki kuwa ekstensheni nzito kuliko zote kijijini, na mwenyewe ataendelea kuamini amejilinda mpaka siku umeme utakapokatika katikati ya barua ya kijiji.

Joto hili halitaniwi. Sumbawanga mjini iko kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Bonde la Ziwa Rukwa liko chini kwa takribani mita 1,000. Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, sweta unalivua njiani. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi kule juu bila kulalamika, ikifika huku inaanza kuzimika mchana na kupona usiku. Fundi asiye na uzoefu angepima. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe. Ikizidi, mashine hujizima ili isiungue. Dawa yake ni kufungua kasha, kuitoa nje ya chumba, kupuliza vumbi na pumba za mpunga zilizosongwa kwenye mapezi ya bati ya kupozea huku ukiishika feni kwa kidole isizunguke ovyo, kufuta ile dawa nyeupe iliyokaukia juu ya prosesa na kupaka mpya, kidogo tu. Kazi chafu hiyo. Utaonekana kama mfanyakazi wa mashine ya kukoboa badala ya mtaalamu.

Afadhali mshauri mama mwenye steshenari aifunike kompyuta yake kitambaa cha kufuma, kile chenye maua, na juu yake aweke kopo la maua ya plastiki. Inapendeza. Matundu ya hewa yanazibwa yote, na wewe unampata mteja kila mwezi. Jambo la kuchekesha ni kwamba wazee wa Ufipa hawakuhitaji kufundishwa hili. Waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo, malungu, marefu kupita mtu, yenye matundu chini kuyazunguka. Moto ukipanda juu, hewa mpya ilijivuta yenyewe kuingia kwa chini, bila mtu kukaa anapuliza mivukuto. Malungu yalikuwa na dawa zake na miiko yake, lakini sijapata kusikia mwiko ulioagiza matundu yazibwe kwa kitambaa.

Nimetaja dawa, basi tulimalize na hili. Sifa ya uchawi ya Sumbawanga huko nje unaijua. Mtu akisikia unatoka Rukwa anakupisha kwenye foleni. Ni mali hiyo, usiitupe. Radi ikipiga jirani na kompyuta mbili zikafa, mteja atashusha sauti na kukuambia anamjua aliyeituma. Wewe shusha sauti zaidi. Usithubutu kueleza kwamba radi haina haja ya kuipiga nyumba: inatosha ipige laini ya umeme mbali, nguvu ikasafiri kwa nyaya mpaka kwenye soketi. Wala kwamba ile ekstensheni ya "kuzuia radi" aliyouziwa haina msaada mkubwa kama nyumba haina athi, yaani ule waya unaoshuka mpaka kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Kuchomoa plagi mawingu yanapokusanyika ni ushauri wa bure, na ndiyo maana hautoki mdomoni mwa fundi.

Kuna kitu kingine kidogo ndani ya kasha ambacho ningependa usikijue kabisa. Ni betri bapa ya duara, imeandikwa CR2032, volti 3. Inatunza saa ya mashine wakati umeme haupo. Baada ya miaka kadhaa inaisha, na kila kompyuta ikichomolewa inarudi tarehe za zamani, labda Januari 1, 2012. Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Kijana kaja steshenari siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo HESLB. Mtandao upo, bando lipo, lakini kila tovuti anayofungua inakataa: si salama, cheti hakikubaliki. Mashine inaamini leo ni 2012, na cheti cha tovuti kimeanza mwaka huu. Kwa hesabu zake kile cheti bado hakijazaliwa. Kurekebisha saa ni nusu dakika, na kubadili betri ni dakika tatu. Fundi wetu lakini amekwisha kuitazama skrini, amesema "Mh!", ametamka neno "virusi" na anatafuta ile flashi ya Windows. Itakapomaliza kupigwa, dirisha la maombi litakuwa limefungwa, na tarehe itakuwa bado 2012.

Virusi navyo vipo, tena vya kweli. Kile kinachopendwa zaidi na flashi za Tanzania ni kile kinachogeuza mafolda yote kuwa vialama vyenye mshale. Mtu anafungua flashi, anaona mafaili yake yamekwenda, analia. Hayajakwenda popote, yamefichwa tu. Ukifungua ule ukurasa mweusi wa amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ikiwa ndiyo herufi ya flashi), yanarudi yote kwa zamu, kisha unafuta ile mishale na kupitisha kinga ya virusi, kwenye flashi na kwenye mashine iliyoiambukiza. Amri moja. Ukiiandika mbele ya mteja ataikariri, kwa hiyo sema flashi imekufa, muuzie mpya, na ile "iliyokufa" iweke kwenye droo yako. Baada ya mwaka utakuwa na droo nzuri sana.

Sasa mtandao, ambapo fedha zipo zaidi kwa sababu hauonekani. Siku halmashauri au kituo cha afya wakikuita kuunganisha vyumba vitatu, nenda na roli la kebo na yale makoleo ya kubania vichwa. Ndani ya kebo mna nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa. Dunia imekubaliana mpangilio, na unaotumika zaidi ni huu kuanzia kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Utauliza kwa nini kijani kimetenganishwa na mwenzake. Matundu ya 3 na 6 yanafanya kazi kama jozi moja, na ya 4 na 5 katikati ni jozi nyingine; nyaya zilizosokotwa pamoja lazima zifanye kazi pamoja, la sivyo ishara za jozi moja zinavujia nyingine. Fundi mbunifu hupanga rangi zinavyompendeza, akahakikisha tu kila upande umefanana. Kwenye kebo fupi itawaka, taa ya kijani itamweka, utalipwa. Kwenye kebo ndefu mwendo utakuwa wa kutambaa na hakuna atakayejua sababu. Vilevile kikomo cha mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta kisikusumbue. Ukumbi uko mbali? Unga kebo kwa selotepu.

Ofisi ikikupigia kwamba "mtandao hakuna", kuna ngazi ya kupanda ambayo nakusihi uikwepe. Kwanza ni kuangalia taa ya pale kebo inapoingia. Kisha ni kutazama anwani ya mashine: ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tatizo liko kati yake na ruta, usihangaike na kampuni ya simu. Ikiwa anwani ni ya kawaida, tuseme 192.168.1.20, unaiulizia ruta kwa ping 192.168.1.1. Ikijibu, unatoka nje: ping 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, intaneti ipo, kilichokufa ni DNS, kile kitabu cha kutafsiri majina kuwa namba, na unabadili mpangilio wa mstari mmoja. Unaona hatari yake? Ngazi nzima ni dakika nne, na mwishoni unajua kwa hakika nani mwenye kosa. Biashara yetu haikujengwa juu ya hakika.

Mei 12, 2024 Mungu alitukumbuka. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa pamoja, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Tangu siku ile mteja yeyote anaelewa sentensi "mkongo wa baharini umekatika". Itumie mwaka huu, itumie mwakani. Itumie hata kama mfagiaji amechomoa waya wa swichi apate pa kuchomeka birika.

Waifai haina maneno mengi. Fungia ruta ndani ya kabati la chuma kwa usalama, chini ya paa la bati, halafu lalamika kwamba haifiki chumba cha pili. Ila bando linahitaji uangalizi. Ofisi nyingi huku zinakula intaneti kwa hotispoti ya simu ya bosi. Asubuhi anajiunga, saa nne bando limekwisha na hakuna aliyefungua hata video. Windows ndiyo iliyolila, ikijisasisha kimyakimya. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna kitufe cha kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, na ikishaambiwa inaacha kupakua vitu vikubwa. Usikibonyeze. Bosi akituhumu kijana wa masjala kwamba anaangalia mpira, wewe nyamaza, au useme "Mh!"

Limebaki la siri za watu. Mashine ikilala kwako usiku, picha za harusi, mishahara, majina ya wagonjwa na mapenzi ya watu yote yanalala kwako. Fundi hodari huyapitia, huyanakili, na huwahadithia wenzake kijiweni. Tatizo ni kwamba siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake, na haina kifungu kinachomsamehe fundi kwa sababu alikuwa akisubiri Windows imalize. Hapa mwongozo wangu unakoma kukutania: usiguse.

Na wewe msomaji mwenye mashine mbovu, unayejiuliza umpelekee nani kati ya mafundi wote hawa wenye benchi na bango, kabla ya kumkabidhi muulize swali moja: "Vitu vyangu utaviweka wapi kwanza?" Akionyesha diski ya akiba na kukuuliza nywila, folda na tarehe tatizo lilipoanza, mwachie. Akisema "Mh!", chukua mashine yako urudi nyumbani, na ukifika uangalie kwanza kama waya umeingia sawasawa.